Walaji wa Ndani ya Uvimbe

Kutoka Tukuyu hadi Mwaya hakufiki kilomita 100, na karibu njia yote ni ya kuteremka. Tukuyu iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za Juni watu huko huota moto. Mwaya iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mita zisizofika 500. Joto haliishi, mvua ya mwaka wilayani Kyela huvuka milimita 2,000, na masika yakikolea mito Lufilyo, Mbaka na Kiwira hutapika maji hadi kwenye majaruba ya mpunga na mashamba ya kokoa. Watu ni walewale, Wanyakyusa wa juu na Wanyakyusa wa chini, lugha moja na ndizi moja. Hata hivyo katikati yao unapita mstari wa ramani ya magonjwa. Walioko juu yake watoto wao ni nadra kupata uvimbe fulani wa taya. Walioko chini yake wamo ndani ya ukanda wake.

Mstari huo ulichorwa na Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Jicho lake moja alilipoteza tangu utotoni. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umeharibika. Jipu haliji pande nne kwa mpigo, na Burkitt alilijua hilo. Wiki chache baadaye, akiwa Hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona msichana mdogo mwenye uso uleule. Alipompapasa tumbo akakuta uvimbe mwingine huko ndani. Akarudi Mulago kufukua mafaili ya zamani, na watoto wakajitokeza mmoja baada ya mwingine, wakiwa wameandikiwa magonjwa mbalimbali kulingana na kiungo kilichovimba: huyu taya, yule figo, mwingine ovari. Hata Albert Cook, daktari mmisionari wa Mengo, alikuwa ameueleza uvimbe wa aina hiyo katika kumbukumbu zake miongo mingi kabla. Hakuna aliyekuwa ameviunganisha vipande.

Makala ya Burkitt ilitoka mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na ilipita karibu kimya. Yeye hakukata tamaa. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha, akavituma kwenye hospitali za Afrika akiuliza kama watoto wa namna hii wanaonekana huko. Tarehe 7 Oktoba 1961, wakati Tanganyika ikihesabu wiki kuelekea uhuru, aliondoka Kampala pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya gari kuukuu la Ford walilolinunua kwa pauni 250. Walikwenda kusini hadi Afrika Kusini na kurudi: maili 10,000 kwa wiki 10, na hospitali zaidi ya 50 njiani. Kila walipofika walitoa picha, wakauliza, wakaandika.

Picha iliyopatikana ilikuwa wazi. Karibu na ikweta uvimbe ule haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyozidi kushuka, hadi Msumbiji ukabaki nchi za chini za pwani tu. Basi kimo chenyewe hakikuwa chanzo. Chanzo kilihusiana na joto na maji: ugonjwa ulikaa mahali ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 15 au 16 na mvua haipungui milimita 500 kwa mwaka. Ipime Mwaya kwa vigezo hivyo na utaikuta katikati kabisa ya ukanda, wakati Tukuyu iko nje.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapitia haraka. Mwezi Machi 1961, kabla ya safari ile ndefu, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na kati ya waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akiwinda virusi vya saratani. Walipatana vipande vya uvimbe viwe vinapelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kinyama kilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka. Wengine wangeyamwaga. Epstein aliyatazama kwa hadubini akakuta seli hai za uvimbe zinaelea. Kutokana na seli kama hizo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 virusi vinavyoitwa hadi leo Epstein-Barr. Malaria nayo ikatajwa kuwa mshirika wake. Shirati, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria mkoani Mara, watoto walipewa klorokwini kati ya 1977 na 1982 ili kuona kama kuipunguza malaria kungepunguza uvimbe. Wagonjwa walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya dawa, kwa hiyo jaribio lile halikumaliza ubishi.

Ninalotaka kukaa nalo ni jambo jingine, lililokuwa mbele ya macho ya kila mtu tangu siku za kwanza za Mulago.

Mtoto akichukuliwa kinyama, kinyama hicho hulowekwa kwenye formalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hubandikwa kwenye kioo na kutiwa rangi mbili, ya buluu na ya waridi. Weka kioo cha uvimbe wa Burkitt chini ya hadubini na utaona uwanja wa buluu iliyoiva: seli za saratani zimebanana, zote za kimo kimoja, kila moja ikiwa mbioni kujigawa. Kati yao, hapa na pale, zimetawanyika seli kubwa nyeupenyeupe, kila moja na nafasi yake. Wataalamu wa patholojia waliuita mwonekano huo anga yenye nyota. Ndani ya kila nyota mna mabaki meusi ya seli nyingine zilizomezwa. Hizo ndizo makrofaji, seli walaji za kinga ya mwili. Gregory O'Conor na Jack Davies, na baada yao Dennis Wright, waliziona Mulago kila walipokaa kwenye hadubini, na mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani lilipoweka sifa za kuutambua ugonjwa huu, anga yenye nyota ilikuwamo.

Makrofaji zilikuwa na jina na heshima zamani sana. Mwaka 1882 Elie Metchnikoff, Mrusi aliyekuwa akikaa Messina, Italia, alichoma mwiba wa waridi ndani ya lava wa kiti cha pweza, na kesho yake akaona seli zimeuzingira mwiba. Akahitimisha kwamba mwili hujilinda kwa kula. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo makrofaji ilifundishwa kama seli ya kumeza vijidudu na kuondoa maiti za seli. Basi zilipoonekana katika uvimbe wa watoto wa Uganda, maelezo yalikuwa tayari: uvimbe huu hukua kwa kasi ya ajabu, unaweza kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja au mbili, na seli zake nyingi hufa njiani, makrofaji zimekuja kuzoa mizoga. Hakuna aliyeuliza kama mzoaji ana upande wake katika vita.

Lakini Kampala ilikuwa imeshaanza kuuliza maswali makubwa kuhusu kinga. Burkitt aliona kwamba watoto wengine walipona kwa dozi moja au mbili tu za dawa, kiasi kisichotosha kuua kila seli ya saratani. Mwaka 1967 yeye na Sebastian Kyalwazi, mpasuaji Mganda, waliandika kuhusu wagonjwa ambao uvimbe wao ulinywea wenyewe. Mwaka huohuo Victor Ngu, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, alitoa ushahidi wake kwamba miili ya watoto hawa inapigana. Alikuwa amejaribu kuwapa wagonjwa majimaji ya damu kutoka kwa waliopona. Nairobi, Peter Clifford alishirikiana na George Klein wa Stockholm kutafuta kingamwili katika damu ya wagonjwa. Mwezi Agosti 1967 kikafunguliwa Kampala kituo cha kutibu limfoma, jamii ya saratani ambamo uvimbe wa Burkitt umo, kikiongozwa na Mmarekani John Ziegler, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Naona ni haki kusema kwamba tiba ya kinga dhidi ya saratani, ambayo leo inahesabiwa kuwa mali ya maabara za Marekani na Ulaya, ilikuwa na moja ya nyumba zake za mwanzo Afrika Mashariki.

Hapo ndipo ilipoingia chanjo ya kifua kikuu. BCG kila mzazi wa Kyela anaijua kwa kovu lake begani mwa mtoto. Chanjo hiyo huziamsha makrofaji kwa nguvu, na miaka ya 1970 madaktari wengi walitumaini ingeziamsha pia dhidi ya saratani. Ian Magrath na Ziegler waliijaribu Kampala kwa watoto waliokwisha kupata nafuu kwa dawa: kundi moja likapewa BCG, jingine halikupewa. Wakati huo utawala wa Idi Amin ulikuwa umewatawanya wataalamu, na kituo kikaja kushikwa na Charles Olweny, Mganda wa kwanza kukiongoza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1976: BCG haikubadilisha kitu. Mwaka huohuo Alvaro Morales, huko Kingston, Kanada, aliandika kwamba BCG ikimiminwa ndani ya kibofu cha mkojo huzuia saratani ya kibofu kurudi. Tiba hiyo inatumika hadi leo. Dawa ni moja na mwaka ni mmoja. Kwenye kibofu ikafaulu, kwa limfoma ikashindwa. Jaribio la Kampala lilistahili kuulizwa kwa nini, lakini lilifungwa katika kabati la majaribio yaliyoshindwa.

Jibu lilikuja polepole. Mjini Milan, Alberto Mantovani na wenzake walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba makrofaji zilizomo ndani ya vivimbe mara nyingi huusaidia uvimbe. Mwaka 2001 kundi la Jeffrey Pollard, New York, lilitumia panya wasiokuwa na kichocheo cha CSF-1, ambacho makrofaji hukitegemea. Saratani ya matiti ya panya hao ilianza kwa wakati wake, ila ilichelewa kukomaa na kusambaa mapafuni. Kumbe seli zilizotumwa kulinda zilikuwa zikiotesha mishipa ya damu ya uvimbe, zikiufungulia njia ya kusambaa, na kuzituliza seli T, askari wauaji wa kinga, zisishambulie.

Imetokeaje mlinzi akawa hivyo? Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kinaeleza waliyoyasema wazee kuhusu abamanga, walinzi wa kijiji wa usiku. Mlinzi na mchawi, walisema, wana nguvu ya asili moja: chatu tumboni. Mmoja huitumia kuwafukuza wanaokula watu. Mwingine huitumia kula. Makrofaji ndivyo ilivyo. Haibadiliki kuwa seli nyingine, bali husikiliza inachoambiwa na mazingira yake. Ikikutana na dalili za maambukizi, huwaka, hutoa sumu, huita seli T. Ikikutana na dalili za jeraha linalopaswa kufungwa, hutulia, hutoa vichocheo vya kukuza nyama, na kuzuia vita visiendelee. Uvimbe husema lugha ya jeraha lisilopona. Wataalamu wamezigawa hali hizo mbili kwa vifupisho, M1 na M2, ingawa sasa wote wanakubali kwamba kati ya ncha hizo mna daraja nyingi.

Halafu utafiti ukazirudia zile nyota. Christopher Gregory na kundi lake, Edinburgh, walionyesha mwaka 2008 kwamba seli za limfoma ya Burkitt zinapokufa hutoa ishara ya kuziita makrofaji. Mwaka 2015 walikwenda mbali zaidi. Walipandikiza kwa panya seli za limfoma zilizobadilishwa zisife kirahisi. Mtu angetarajia uvimbe wa seli zisizokufa ukue haraka kuliko wa kawaida. Ulikua polepole, na makrofaji zilizokusanyika zilikuwa chache. Maana yake, vifo vile vingi vina faida kwa uvimbe: vinaziita makrofaji, zinameza, na zikishameza zinageuka kuwahudumia walio hai. Nyota walizoziona Mulago hazikuwa zikizoa mizoga tu. Zilikuwa zikiulisha uvimbe.

Sehemu ya pili ya jibu inatoka Siena, Italia, kwa kundi la Lorenzo Leoncini, na kwangu ndiyo inayogusa zaidi, kwa sababu inafungua fundo lililoachwa na Burkitt na Kyalwazi. Wapo wagonjwa wachache wa limfoma ya Burkitt ambao uvimbe wao una vikundi vya makrofaji zilizoshikamana, na kati ya hao wapo ambao uvimbe haukusambaa au ulinywea wenyewe. Kundi la Siena lilipochunguza vinyama hivyo lilikuta makrofaji zimeelemea upande wa kupigana, zikiwa pamoja na seli T zilizoamka. Kunywea kule kulikoonekana Kampala mwaka 1967 kama muujiza sasa kuna njia ya kukuelezea.

Malaria nayo ina mkono katika tabia ya walaji hawa. Kijidudu cha malaria kinapokula damu huacha masizi meusi, hemozoini. Makrofaji huyameza lakini haziwezi kuyayeyusha, na tafiti za maabara tangu miaka ya 1990 zimeonyesha kwamba seli iliyojaa masizi hayo hupungukiwa uwezo wa kumeza na wa kuwaelekeza askari wengine. Mtoto wa pwani ya ziwa anayeugua malaria kila masika anaingia vitani na saratani akiwa na walinzi waliokwisha kuchoshwa.

Sasa tuje kwenye dawa. Mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo walipewa Nobel kwa kugundua namna ya kuzifungua breki za seli T, na dawa za aina hiyo zimewainua wagonjwa wa saratani za ngozi na mapafu waliokuwa wamekatiwa tamaa. Hata hivyo wengi hawaponi kwazo, na makrofaji ni sehemu ya sababu. Katika panya imeonekana mwaka 2017 hata zikiichomoa dawa kutoka juu ya seli T. Ndiyo maana watafiti wakaamua kuzilenga makrofaji zenyewe.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuziua kwa kuufunga mlango wa CSF-1. Dawa moja ya namna hiyo, pexidartinib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa uvimbe wa viungo ambao wenyewe umejaa makrofaji. Katika saratani ya kongosho, dawa ya ukoo huo iliyounganishwa na ya kufungua breki ilishindwa mwaka 2020. Pengine hilo halikupaswa kushangaza: ukiwaua wote, umewaua na wanaolinda.

Njia ya pili ni kuwaamrisha wale. Kila seli ya mwili hubeba alama, CD47, inayoiambia makrofaji isiimeze, na seli za saratani hujipaka alama hiyo kupita kiasi. Irving Weissman na wenzake, Stanford, walitengeneza kingamwili ya kuifunika. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba ikitolewa pamoja na rituximab, dawa ya limfoma nitakayoirudia hapa chini, kwa wagonjwa 22 wa limfoma zilizoshindikana, nusu yao waliitikia. Mwaka 2020 kampuni ya Gilead ilinunua kampuni iliyokuwa na dawa hiyo kwa dola bilioni 4.9. Miaka minne baadaye majaribio yake makubwa kwa saratani za damu yalikuwa yamesimamishwa bila faida kuonekana. Shida moja ilijulikana mapema: chembe nyekundu za damu nazo hutegemea alama hiyo, hivyo dawa huleta upungufu wa damu. Nasema wazi kwamba dawa ya namna hiyo, hata ingefaulu kwingine, haingefaa kuletwa bila tahadhari kubwa kwa mtoto ambaye malaria imeshamwacha na damu kidogo. Kwa hiyo majaribio ya kuzigeuza makrofaji yanapaswa kufanyika hapa pia, kwa watoto wa ukanda huu, yakisimamiwa na wataalamu wa hapa.

Iliyofaulu hadi sasa ni ile ya zamani zaidi. Rituximab, kingamwili inayoibandika seli ya limfoma alama ya kuliwa, hutegemea kwa kiasi makrofaji kuimaliza kazi. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, hasa kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt iliyokwisha kusambaa, uliiongeza juu ya dawa za kawaida: baada ya miaka mitatu karibu 94 kati ya 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 82 wa dawa za kawaida peke yake. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki wanaopona ni wachache kuliko hata hao 82. Ukanda uliotoa vinyama, virusi na zile nyota ndio unaofikiwa na tiba mwisho. Ni dhuluma, na inatendeka kwa bei ya dawa, kwa uchache wa wataalamu wa patholojia, na kwa siku zinazopotea kabla mtoto hajafika hospitali.

Siku hizo ndizo zilizo mikononi mwetu. Mzazi wa Mwaya, Matema, Ipinda, Kajunjumele au Katumba Songwe: mtoto wako akivimba taya, meno yakalegea bila kuoza, jicho likasukumwa nje au tumbo likajaa ndani ya siku chache, usimpeleke kung'olewa jino na usingoje dawa ya kienyeji ifanye kazi. Mpeleke hospitali ya wilaya leo, uombe achukuliwe kinyama, na ukipewa rufaa usiiweke kando. Uvimbe huu ni kati ya saratani zinazoitikia dawa upesi kuliko nyingine zote. Hospitali ya Taifa Muhimbili, ikishirikiana na shirika la Tumaini la Maisha, huwatibu watoto wenye saratani bila kuwatoza wazazi.